Alama ya Penseli

Tangu Ijumaa alasiri Fundi Rula hakutulia. Akikaa, anasimama, akisimama, anatafuta pa kukaa. Jumapili asubuhi mkewe alimtazama akizunguka sebuleni kama kuku anayetafuta pa kutagia, uvumilivu ukamwishia.

"Baba watoto, hiyo sakafu haijakukosea kitu. Hebu nenda kamsalimie mama yako."

Chanzo cha yote kilikuwa mbao moja. Karakana ya useremala ambako Rula alikuwa fundi mkuu ilipokea kazi ya mlango mkubwa, wa mbao ngumu isiyopatikana ovyo. Bi Penseli, fundi mwanamke pekee pale, aliyeitwa hivyo kwa kuwa penseli yake hushinda imechomekwa kwenye kilemba, alipima sentimita mia mbili na kumi, akachora alama ya kukatia, akaenda stoo kuchukua gundi. Rula akafanya alichozoea kufanya kila Bi Penseli anapompa kisogo: akachomoa futi yake ya utepe mfukoni, akapima upya.

Futi hiyo ilikatika ncha zamani, na mwenyewe hakutaka kusikia habari ya mpya. Huanzia kupima kwenye kumi, halafu mwishoni huongeza kumi, yaani mia mbili na kumi huisoma mia mbili na ishirini. Siku hiyo kuanzia alianzia kwenye kumi, kuongeza akasahau. Akaona alama ya Bi Penseli imezidi. Akacheka kimoyomoyo, akaifuta kwa msasa, akachora yake. Wa msumeno akakata. Mbao ikatoka fupi kwa sentimita kumi, na mbao hairefuki kwa majuto.

Bosi alikuja juu. "Jumatatu aliyechora alama hii anafungasha vyombo vyake!" Wote wakamgeukia Bi Penseli, mwanamke aliyebisha hodi karakana saba kabla ya kupokelewa hapa. Rula akatazama viatu vyake. Kukiri kwamba amekosea kipimo angeweza, binadamu hukosea. Shida ni kueleza alikuwa anatafuta nini kwenye kazi ya mwenzake, maana kazi za mafundi wenzake watano, wanaume wote, hakuwahi kuzipima upya hata siku moja. Na huyu ndiye aliyekuwa akijigamba mbele yao, aulizwe asiulizwe: "Mimi nimelelewa na mama na dada wanne. Heshima ya mwanamke nimeinyonya na maziwa!" Nyani haoni kundule.

Basi akaenda kwa mama yake. Alimkuta mlangoni na mkoba begani, anajiandaa kwenda kumwona dada mkubwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umesawajika hivyo? Njoo unisindikize, utaniambia njiani."

Mama akafunga mlango, akazungusha ufunguo mara mbili, akautia mkobani. Rula akanyoosha mkono, akashika kitasa, akautikisa mlango. Akautikisa tena. Kisha akageuka waende zao, akamkuta mama hajasogea, anautazama ule mkono.

"Baba yako mtupu," mama alisema.

"Kwani nimefanya nini?"

"Miaka thelathini na mmoja nilifunga mlango huu, na miaka thelathini na mmoja marehemu akautikisa nyuma yangu. Hakuwahi kuukuta wazi."

"Si alikuwa mwangalifu tu, mama?"

"Haya. Alipofunga yeye, nani alikuwa akiutikisa?"

Mama akacheka kidogo, cheko lisilofika machoni. "Usinielewe vibaya. Baba yako alikuwa mtu mwema. Hakunipiga, hakunitukana. Lakini ikafika mahali nimeshafika sokoni, narudi nyumbani mbio kuutikisa mwenyewe. Mkono wangu mwenyewe, mwanangu, nikaacha kuuamini. Na dada zako wote wanne ndivyo walivyo mpaka leo. Huyu ninayekwenda kwake hatoki kwake bila kurudi mara tatu." Akamshika mkono. "Twende bwana, jua linapanda. Ulitaka kuniambia nini?"

Hakumwambia. Alimsindikiza, na njia nzima aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayochoma masikio. Alikuwa akidhani mtu akikua katikati ya wanawake watano basi amefundishwa na wanawake. Kumbe siku zote mwalimu alikuwa yule aliyeshika kitasa.

Jumatatu Bosi aliwakusanya mbele ya ile mbao fupi. "Haya. Alama ya nani?"

Rula alifungua kinywa, lakini Bi Penseli akamtangulia. Alisimama mikono ameishika nyuma, sauti imemshuka.

"Itakuwa ni yangu, Bosi. Nilijua nimepima sawa, ila siku hizi kila nikirudi nakuta mbao yangu imesogezwa, hata sijui. Naona kama vipimo vyangu sivielewi mwenyewe."

Maneno hayo yalimpiga Rula kuliko kufukuzwa. "Si yake!" alisema, akashtuka kwa ukali wa sauti yake. "Ni yangu. Yake ilikuwa sahihi. Niliifuta nikachora ya kwangu, na nilipima vibaya."

Bosi akakuna kidevu, akamtazama fundi wake mkuu, halafu uso ukamlegea. "Ah, Rula! Si ungesema mapema? Basi, ni bahati mbaya. Leteni mbao nyingine, kazi iendelee."

Yaani muda huo huo, kosa lile lile! Lilipokuwa la Bi Penseli lilikuwa la kufungasha vyombo. Lilipohamia kwa Rula likawa bahati mbaya. Wanaume wakaanza kutawanyika, wamefarijika. Bi Penseli hakutikisika.

"Fundi," alisema, "umewahi kupima tena kazi yangu kabla ya Ijumaa?"

Angeweza kudanganya. Hakuna aliyewahi kumwona akipima.

"Kila siku," Rula alijibu. "Tangu ulipokuja."

"Miaka miwili na nusu."

"Ndiyo."

"Ukakuta nimekosea mara ngapi?"

Wale waliokuwa wakiondoka walisimama. Hata Bosi aligeuka. Rula akaitoa mfukoni ile futi iliyokatika ncha, akaiweka juu ya meza ya kazi, akashindwa kumtazama mwenzake usoni.

"Hata mara moja."

Bi Penseli akachomoa penseli kwenye kilemba. Mbao mpya ilikuwa imeshalazwa mezani. Akapima mara moja, akachora mstari, akausukuma msumeno mpaka kwenye mkono wa fundi mkuu.

"Kata," alisema.