Mkono wa Mzee Nassoro

Hafsa hakulia. Wanawake waliojazana uani kwao Rahaleo walidhani ni ushupavu, kumbe ni woga mtupu. Macho yake hayakumwacha Hemedi, mtani wa ukoo, aliyekwisha kuvaa koti la marehemu na kofia yake, mwiko wa ugali kaupakata kama gitaa.

Kwao mtani haulizwi. Siku ya maziko humwigiza marehemu atakavyo, akataja la fahari na la aibu, na ole wake atakayenuna.

Kaka yake Hafsa, Saidi, alikuwa akisoma wasifu. Baba yao, Mzee Nassoro, amefariki akiwa na miaka themanini na mmoja. Alitoka Kitaya na gitaa la kuazima, akapigia bendi za dansi hapa mjini tangu nywele nyeusi hadi zikawa pamba. Wanawe saba aliwaogesha mwenyewe kila Ijumaa huku akiwaimbia, na waliomcheka kwamba amekaliwa na mke aliwajibu kwamba kukaliwa kwenyewe kutamu. Watu wakaguna kwa mapenzi. Kisha Saidi akasoma lile Hafsa aliloliogopa tangu alfajiri: kwamba hata baada ya kiharusi, marehemu alipiga gitaa lake kila alasiri mpaka wiki ya mwisho.

Si kweli. Mkono wa kushoto ulikufa siku ile ile ya kiharusi. Mzee alimwita chumbani Hafsa, aliyekwisha kujifunza gitaa kwake, akamwambia afunge mlango, dirisha aliache wazi ila ashushe pazia. "Piga wewe," alisema. "Wasijue." Miaka miwili majirani walikaa barazani wakisikiliza na kumsifu mzee, na Hafsa alikuwa amekula yamini asiseme. Hemedi peke yake ndiye aliyewahi kuingia bila hodi akawakuta.

Jeneza likainuliwa. Hemedi akalizuia mlangoni, akauachia mkono wake wa kushoto uning'inie, mwiko ukaanguka chini. Watu wakacheka, kisha kicheko kikakatika.

"Haliondoki," alisema Hemedi, "mpaka mwenye mkono ajitaje."

Hafsa akapima. Akisema, baba atazikwa na jina la mwongo, na yeye atakuwa amevunja kiapo. Akinyamaza, Hemedi atasema mwenyewe, tena kwa mzaha. Shehe alikwisha kutazama saa mara mbili.

"Ni mimi," alisema Hafsa.

Hakuna aliyemkemea, na hilo lilimtisha zaidi. Mzee Abdulrahmani, mpiga ngoma wa bendi, ambaye hakukosa barazani hata siku moja, alitoka miongoni mwa wabebaji akamjia taratibu. Hafsa akafumba macho akingoja kofi.

"Ule wimbo wake wa kufungia," mzee aliuliza, "Nassoro alikuwa anachelewa pale pale, miaka arobaini, na mimi namngoja. Hata mwezi uliopita kachelewa. Hilo nalo ni wewe?"

"Ni mimi, mzee wangu. Kuupiga sawasawa nilijua siku ya kwanza. Kuchelewa alinifundisha miezi mitatu."

Ndipo Mzee Abdulrahmani alipolia, kwa sauti, mbele ya watu wote, kama mtu aliyeletewa taarifa ya msiba saa ile.