Hakuna Aliyekataa

Watu mia mbili na kumi na wawili niliwaomba damu, na wote walinipa. Nisiseme uongo, kichwa kilinivimba. Nilikuwa mkunga katika zahanati moja miaka thelathini na moja, nimepokea watoto mpaka nikapokea watoto wa watoto hao, na nilipostaafu daktari wa utafiti akanifuata nyumbani. Alikuwa mwanamke mpole, msomi hasa, ila watu walikuwa wakiliona gari la mradi wanajifungia ndani. "Mama," akaniambia, "mimi nina fomu. Wewe una watu."

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Nilimsomea mtu fomu ya ridhaa, kurasa nne, akaweka sahihi, akajibu maswali ya chakula na usingizi, kisha nikachukua damu, kama vijiko viwili hivi. Damu ile ingekaa kwenye friza za maabara miaka ishirini, ili wanasayansi wachunguze magonjwa yanayorithiwa, hata yale ambayo leo hawajayawazia. Fomu niliisoma mbio mbio kama kasuku. Nikifika ukurasa wa pili, mwenye nyumba ananikatiza: "Mkunga, niweke wapi sahihi?" Namwonyesha. Kwa miezi mitatu tukawa tumemaliza.

Ndipo kamati ya maadili ya utafiti ikatuita.

Wajumbe walikuwa saba, kwenye chumba cha mikutano chenye feni moja inayolalamika. Sita walitupongeza. Wa saba alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu, aliyewekwa pale kuwawakilisha wananchi wa kawaida, mwembamba utadhani chaki. Alipekua karatasi zetu weee, mpaka wenzake wakaanza kutazama saa.

"Waliokataa ni wangapi?" akauliza.

"Hakuna," nikamjibu kwa tabasamu.

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja, Mwalimu."

"Basi hilo ndilo linalonisumbua."

Nikapandwa na hasira. "Unataka kusema niliwalazimisha watu?"

"La hasha, mama. Lakini nimekula chaki maisha yangu yote. Nikiuliza darasa 'mmeelewa?' wakaitikia wote kwa pamoja 'ndiyo, Mwalimu!', najua hakuna aliyeelewa. Wanangoja kengele tu."

Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka. Kamati ikaamua kwamba kabla damu haijaguswa, kila mtu arudiwe, asomewe upya polepole, na anayetaka kujitoa ajitoe, damu yake iharibiwe. Nje, kwenye korido, daktari alikuwa amenywea. Wakijitoa wengi, utafiti wake wa miaka minne ungekufa.

"Nimtume mtu mwingine, mama?" akaniuliza.

"Thubutu! Nimeanza mimi, nitamaliza mimi."

Ukweli ni kwamba nilitaka kumwaibisha yule mzee. Nilitaka kumrudishia majina yale yale, sahihi zile zile, nimwangalie usoni.

Nikaanza na fundi cherehani wa mtaa wa pili. Nilimkuta anapiga pindo la sare za shule, pini zimejaa mdomoni.

"Ile siku ulipotoa damu," nikamwuliza, "ulikubali nini hasa?"

Akatoa pini moja moja. "Si ule utafiti wenu?"

"Utafiti wa nini?"

"Wa... presha?"

"Na damu itakaa muda gani?"

Akacheka mpaka akashika cherehani. "Mkunga nawe! Mtoto wangu alitanguliza miguu, ukakaa nami tangu asubuhi hadi jua linazama, hukunywa hata maji. Leo uniombe vijiko viwili vya damu nikuulize vitakaa muda gani? Ungetaka ndoo ningekupa ndoo."

Angenipiga kofi lisingeniuma vile. Nikamsomea fomu yote, neno kwa neno, naye akaitikia "sawa, sawa" huku anakata uzi. Akakubali tena. Nikaandika amekubali, huku nikijua alichokikubali si fomu, ni mimi.

Kutoka pale nikaenda kwa mdogo wangu. Tumezaliwa wawili tu, na mama alipougua ule ugonjwa wa kusahau ni yeye aliyemwuguza, mimi nikija na kuondoka na zamu zangu. Mama alifikia kutuita sote "wewe binti wa watu". Mdogo wangu alikuwa anachambua mchele barazani. Nililivua koti la mradi, nikaketi pembeni yake, nikasoma. Nilipofika kwenye magonjwa yanayorithiwa, akaacha kuchambua.

"Rudia hapo," akasema.

Nikarudia.

"Yaani wataweza kuona kama nami nitakuwa kama mama?"

"Huenda, siku moja. Hata hivyo majibu hayaletwi kwa mtu. Fomu inasema hivyo."

"Lakini yatakuwepo. Mtu nisiyemjua atakuwa anayajua, na mimi niko hapa nachambua mchele."

Kweli ilikuwa hivyo.

"Kwa hiyo naweza kukataa?"

"Unaweza."

"Hutakasirika?"

"Sitakasirika," nikasema, na nilikuwa nimeshakasirika.

"Basi nakataa, dada."

Ilinichoma. Mdogo wangu wa tumbo moja, katika watu wote! Nikamwona akilini yule mwalimu anatikisa kichwa chake cha chaki. Nikamwuliza kwa ukali, "Sasa kwa nini hukusema siku ile?"

Akaniangalia kwa mshangao. "Ungenipa nafasi ya kusema? Ulifika hapa unahema, ukasema una nyumba tano zimebaki, ukanifunga mkono kwa ule mpira huku unasoma. Nilidaka neno 'yanayorithiwa' tu, ukawa umeshapita. Tangu siku ile, dada, nikisahau hata mahali nilipoweka ufunguo, nakaa chini nalia."

Miezi mitatu. Nilikuwa nimekunywa chai kwake kila Jumapili, na sikuona kitu. Hasira ikaniishia, ikabaki aibu, nami nikalia mbele yake bila kujificha.

Kesho yake asubuhi nilimpeleka maabara, maana alitaka kuona kwa macho yake. Fundi wa maabara akatoa kijichupa kwenye friza, akamsomea namba, akamwachia aihakikishe kwenye karatasi yake. Tukangoja damu iyeyuke. Kisha fundi akaimimina kwenye beseni la dawa ya kuulia vijidudu, ikageuka rangi ya kahawia, na mdogo wangu akavuta pumzi ndefu. Nikaichukua fomu yake nimfute kabisa kwenye utafiti.

"Ngoja kwanza," akasema. "Kuna yale maswali ya chakula na usingizi. Hayo yanahitaji damu?"

"Hapana. Hayo ni ya kujibu kwa mdomo tu, na unaweza kuyakataa vilevile."

"Yanamsaidia nani?"

Nikamweleza, bila haraka, nilichokijua na nisichokijua. Akafikiri, akauliza mawili matatu mengine, moja likanishinda ikabidi tumwite daktari. Kisha akavuta kiti.

"Hayo niulize upya," akasema. "Hayo nataka."

Nikaandika jina lake. Katika mia mbili na kumi na wawili, alikuwa mtu wa kwanza kunikubalia.