Mpima Maji wa Kituo cha Nne

Telegramu za mto zilifika ofisini saa tatu kasorobo kila asubuhi, zikiwa nne. Nanjala alizifungua, akanakili vipimo kwenye kitabu chenye jalada la kijani, kituo cha kwanza mpaka cha nne, kisha akainjika maji ya chai. Ofisi ilikuwa orofa ya tatu katikati ya Nairobi, juu ya duka la miwani, na mlangoni palikuwa na kibao cha shaba kilichoandikwa Kamati ya Pamoja ya Mto Lukhoma.

Mto huo ulikuwa wa nchi tatu. Ulianzia Kenya, ukateremka hadi kwenye bwawa ambalo nchi zote tatu zilikuwa zimelijenga pamoja, halafu kwa maili arobaini ukawa ndio mpaka kati ya Kenya na nchi ya ng'ambo. Mwishoni uliingia nchi ya tatu, ambayo ofisini waliiita nchi ya chini, na huko ukamwaga maji yake ziwani. Kila nchi ilikuwa na mjumbe mmoja, meza moja na bendera ndogo moja. Mjumbe wa Kenya, Bwana Macharia, ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Alikuwa mtu mpole, mwenye nyumba Kitisuru, na hakuwahi kumpandishia mtu sauti.

Mkataba ulikuwa na vifungu ishirini na viwili. Nanjala alikuwa ameupiga chapa mara nyingi hata angeweza kuusoma akiwa amefumba macho. Kifungu cha tisa kilisema kwamba tangazo lolote kuhusu kufunguliwa kwa mageti ya bwawa lisitolewe kwa wananchi mpaka litiwe saini na wajumbe wote watatu. Kilikuwa kimewekwa kwa nia njema, ili nchi moja isipate habari za mto kabla ya nyingine.

Kituo cha nne kilikuwa chini ya bwawa, kwao Nanjala. Mpima maji wake alikuwa Zadock, mdogo wake wa kufuatana. Kazi yake ilikuwa kuteremka ukingoni mara tatu kwa siku, asubuhi, saa nane na jioni, kusoma kina cha maji kwenye nguzo iliyopakwa rangi nyeupe na nyeusi. Barua ya kumwajiri Zadock ilipigwa chapa na Nanjala mwenyewe.

Siku moja ya Aprili mwaka 1968 vipimo vyote vinne vilikuja vikubwa. Nanjala alipiga chapa tangazo kabla ya saa nne asubuhi. Bwana Macharia akatia saini akiwa amesimama. Mjumbe wa ng'ambo alikuwa hospitalini na mkewe aliyejifungua, akasaini jioni. Mjumbe wa nchi ya chini alikuwa amekwenda kwao mazishini. Saa saba na nusu mhandisi wa bwawa alifungua mageti, maana angechelewa ukuta ungepasuka. Saa nane Zadock aliteremka ukingoni kusoma nguzo. Tangazo lilitoka siku ya tatu yake, likiwa na saini tatu, na likabandikwa kwa chifu siku hiyo hiyo waliyomzika Zadock.

Nanjala alirudi kazini baada ya wiki mbili. Jumanne, saa kumi alasiri, Zadock aliingia ofisini. Alikuwa amevaa kaptura yake ya kazi na shati la kaki, na maji yalikuwa yakimchuruzika kutoka kwenye nywele mpaka kwenye vidole vya miguu.

"Kituo cha nne, mita mbili na nukta sita," alisema.

Nanjala alinakili. Kisha akamtazama.

"Kaa basi," alimwambia. "Umetoka mbali."

Zadock akakaa. Munyiva, mama aliyekuwa akifanya usafi, alileta karai akaliweka chini ya kiti, kwa sababu sakafu ilikuwa ya mbao na chini kulikuwa na duka la watu. Saa kumi na moja Zadock aliinuka, akaaga, akateremka ngazi. Kesho yake saa kumi alikuwepo tena.

Wajumbe walilizungumzia jambo hilo katika mkutano wa Juni. Mjumbe wa ng'ambo aliuliza kama vipimo vya marehemu vinaweza kutumika. Basi wakavilinganisha kwa mwezi mzima na vile vya Joash, kijana aliyeajiriwa mahali pake, na havikuhitilafiana hata kidogo. Joash akahamishiwa kituo cha kwanza. Tangu hapo hakukuwa na mtu aliye hai kwenye kituo cha nne, na mkutano uliandika kwamba unaridhika na kazi ya Bwana Zadock.

Jumapili ofisi ilifungwa, kwa hiyo alipeleka kipimo nyumbani kwa Nanjala, Kangemi. Mwenye nyumba, Mzee Zachariah, alimkuta mlangoni siku ya kwanza.

"Nanjala, huyu ndugu yako anakaa ama anapita?"

"Anapita tu, mzee."

"Haya. Lakini akae hapo karibu na mfereji. Hiyo simiti ya ndani nimetia juzi."

Wakakaa karibu na mfereji, Nanjala kwenye kigoda, Zadock juu ya jiwe. Alimpa chai, naye akakishika kikombe kwa mikono miwili bila kunywa.

"Uliumia?" Nanjala alimuuliza.

"Kidogo. Ilikuwa haraka, dada." Alifikiri. "Nilisikia mlio nikadhani ni lori. Kama mngetuma neno ningekuwa juu, shambani kwa mama."

"Nilikuwa nalo mezani. Tangu asubuhi."

"Najua. Sikulaumu wewe."

"Kwa nini basi hulali, Zadock?"

"Nitalala vipi na hicho kifungu bado kiko? Watu wako pale chini vile vile. Wanafua, wananywesha ng'ombe. Kibadilishwe, neno likitoka bwawani liende kwa watu moja kwa moja. Hiyo tu."

Jumatatu Nanjala aliliandika ombi hilo na kulipeleka kwa Bwana Macharia. Alilisoma mara mbili.

"Ana haki," alisema. "Ningekuwa peke yangu ningekibadilisha leo. Lakini mimi ni mmoja wa watatu, Nanjala."

Iliundwa kamati ndogo ya kuchunguza kifungu cha tisa. Ilikutana mara moja kwa mwaka, kwa zamu, katika kila mji mkuu. Wajumbe wake walikubaliana kwamba jambo lenyewe ni zito na linahitaji muda.

Mwaka 1971 mama yao, Selpher, alikuja Nairobi kwa basi, akiwa na kikapu cha ndizi na shati jeupe alilolipiga pasi na kulikunja ndani ya gazeti. Alikuwa amesikia kwamba mwanawe anaonekana ofisini, na huko nyumbani hakuwa amemwona tangu mazishi. Nanjala alimketisha kando ya meza yake. Saa kumi Zadock akaingia, akasoma kipimo chake, ndipo akamwona.

"Mama, umefika salama?"

"Nimefika. Umekonda."

"Siyo kukonda. Ni maji."

Selpher alimvua shati la kaki, akalikamua karaini, akamvalisha lile jeupe na kumfunga vifungo kimoja kimoja kuanzia chini, kama alivyokuwa akifanya siku za kanisa. Alipofika kifungo cha juu, cha chini kilikuwa kimeshalowa. Alitoa leso akampangusa uso. Akampangusa tena. Nanjala aliinamia taipureta yake, ingawa hakukuwa na karatasi ndani.

"Hawezi kukauka, mama," alisema mwishowe.

"Naona," alijibu Selpher, akaendelea kupangusa.

Wajumbe wote watatu walikuwapo wiki hiyo, na Bwana Macharia akamwombea mama nafasi ya kusema. Selpher alisimama mbele ya bendera tatu.

"Sikuja kulaumu mtu," alisema. "Mto ni wa Mungu, na nyinyi mna kazi kubwa. Nataka tu mtoto wangu alale. Yeye anasema kuna mstari mmoja kwenye karatasi yenu. Mimi sijui kusoma. Lakini mstari mmoja, wazee wangu, si mnaweza kuufuta hapa hapa nikiona?"

Mjumbe wa nchi ya chini alitoa kitambaa akapenga kamasi. Mjumbe wa ng'ambo alisema kwamba hata yeye ana mama. Walimletea Selpher chai na mkate wa siagi, na kwenye kumbukumbu za mkutano Nanjala akaandika alivyoambiwa aandike, kwamba Kamati ilimshukuru Mama Selpher kwa maoni yake. Selpher alirudi nyumbani na basi la kesho yake. Alifariki mwaka wa pili, na hakuja ofisini. Zadock alisema kwamba mama yao alilala.

Miaka ikapita. Nanjala alitimiza arobaini, na Zadock akabaki na ishirini na sita. Munyiva alipomwaga karai alikuta humo mchanga, na mara nyingine samaki wadogo aina ya ningu, ambao alimpelekea paka wa duka la miwani. Mwaka 1977 wakubwa wa zile nchi walikosana kwa mambo yasiyohusu mto. Mpaka ukafungwa. Mjumbe wa ng'ambo na mjumbe wa nchi ya chini walikunja bendera zao, wakampa Nanjala mkono na kurudi makwao. Hakuna aliyeuvunja mkataba. Uliachwa kama ulivyo, na Bwana Macharia akaendelea kuja ofisini kila siku.

Jumatatu moja ya Novemba Zadock aliingia kabla ya saa yake.

"Mita saba na nukta mbili, na inapanda," alisema. "Kesho saa sita mchana mhandisi atafungua. Hana njia nyingine."

Nanjala alipiga chapa tangazo, akalipeleka kwa mwenyekiti. Bwana Macharia akatia saini mahali pake. Chini yake mistari miwili ilibaki wazi.

"Nilipeleke posta, mzee?"

"Kifungu cha tisa bado kipo."

"Kipo. Na watu wapo."

Bwana Macharia aliligeuza tangazo, akaliweka kifudifudi mezani, akaenda kusimama dirishani, akampa mgongo kwa muda mrefu. Nanjala akalichukua.

Posta alimkuta Wanjira, karani wa telegramu aliyemfahamu kwa miaka mingi. Telegramu ya kwanza, kwa chifu wa kwao, ilitumwa mara moja. Ya pili ilikuwa ya chifu wa ng'ambo, mwenye watu wanaosema lugha ile ile na kuoa huku na huku.

"Hii haiendi," alisema Wanjira. "Laini ya huko ilikatwa. Simu pia."

"Hakuna njia ya kuzungukia?"

"Nimeshajaribu kutuma hata telegramu za watu wenye wagonjwa, dada. Hakuna."

Upande wa Kenya watu walipanda juu na ng'ombe wao, na hakuna aliyekufa. Asubuhi ya Jumanne walisimama kilimani wakapiga madebe na kupunga nguo. Lakini ng'ambo askari walikuwa wamewakataza raia kuwajibu watu wa upande huu, na waliosikia walidhani ni matusi.

Jumatano, baada ya chakula cha mchana, Bwana Macharia alimletea Nanjala barua mezani. Ilikuwa barua ya onyo, kwamba alitoa tangazo kinyume cha kifungu cha tisa na hivyo kuipendelea nchi moja. Barua ya namna hiyo ilihitaji saini moja tu.

"Imetoka juu," alisema. "Nisamehe."

"Nimeipokea, mzee."

Saa kumi alasiri Zadock aliingia. Nyuma yake waliingia watu kumi na wanne, wanaume watano, wanawake sita na watoto watatu, wote wakichuruzika maji. Hawakuwa na fujo. Walijipanga ukutani kama watu waliofika zahanati wakakuta foleni. Munyiva aliwahesabu, akatoka kwenda kuazima makarai kwenye ofisi za jirani.

Nanjala alifungua kitabu ukurasa mpya ili aandike majina. Wa kwanza alikuwa mwanamke mwenye umri kama wake, na mgongoni alikuwa na mtoto aliyefungwa kwa kanga. Alijitaja kuwa Nakhumicha, akataja na kijiji chake. Nanjala alikijua. Kilikuwa mkabala na shamba la mama yao, na kutoka shambani mtu aliweza kuona moshi wa majiko ya huko.

"Dada," mwanamke alimuuliza kwa lugha ya kwao, "hawa wa upande wenu waliambiwa?"

"Waliambiwa."

"Na sisi?"

"Nyinyi hamkuambiwa."

Nakhumicha aliitikia kwa kichwa. Alimshusha mtoto, akaikamua kanga taratibu mpaka maji yakaacha kutoka, akamfunga tena, kisha akatafuta mahali pa kukaa.