Hapo Katikati ya Unyayo

…na hapo napo panauma, bora angebaki kisiginoni, lakini Shamsa mkandaji kesha fika katikati ya unyayo, anazamisha kidole gumba polepole kama anayetafuta sindano ndani ya godoro, anasema hapa ndipo penye mshipa wa utumbo, dada, vuta pumzi, Blandina anavuta, tumbo linanguruma chumba kizima kikasikia, aibu gani hii, na mama mkwe, mama Ernesta, yuko pale kwenye benchi, mkoba magotini, kamshusha mwenyewe kutoka Myamba hadi hapa Same baada ya daktari kupima kila kitu na kusema utumbo ni mzima, ni msumbufu tu, msumbufu ni utumbo au mwenyewe… taratibu fundo linalegea, kweli linalegea, Mungu ambariki huyu mama na vidole vyake, laiti angekanda akanyamaza, lakini anauliza, "Na chakula je? Kuna kitu ukila kinakuchafua?" Kipo, mbona kipo, makande, mahindi na maharage ya mama Ernesta yanayotokota tangu asubuhi, anamjazia sahani, anasimama kumwangalia, "Kula, mwanangu, hujashiba wewe," naye anakula, mke gani wa Kipare atakataa makande ya mama mkwe, anakula na kushukuru, kisha anakwenda kujikunja kitandani, na Hezroni mumewe anamwinamia, "Mama anakuwekea nini wewe?", yeye kimya, heshima hiyo, asimsimange mzazi kwa chakula chake, kimya mpaka Hezroni kasusa chungu cha mama yake, kasema mwezi ujao wanahamia Hedaru, mama abaki na uchawi wake… uchawi, alitamka hivyo, na ukuta wenyewe ni wa mbao… "Dada?" anaita Shamsa, kidole hakijatoka, Blandina anageuza shingo, anamwona mama mkwe kakodolea macho sakafu, midomo inamtetemeka, kumbe alisikia, alisikia yote, akaendelea kupika, akaendelea kumjazia, na neno moja la kumtoa hatiani lilikuwa mdomoni mwa mkwewe anayesema asante mama, nimeshiba mama, heshima gani hii, ya kumwacha mama wa watu achomeke peke yake, ni maharage tu, mama, ni maharage, si mkono wako, lakini ulimi mzito, na Shamsa bado anangoja jibu, kidole pale pale, na mama Ernesta hainui macho, anaogopa, anamwogopa yeye Blandina.