Mkono Uliobaki Hewani

Du-du, dum. Du-du, dum. Ukipita Mtaa wa Mchikichi Jumapili mchana, kwanza utasikia ndoo. Lango la bati limefungwa, mtu haonekani, ila ndoo ya plastiki inapigwa huko ndani mpaka wapita njia wanadhani kuna harusi. Kisha sauti ya mwalimu wetu, Madamu Severa, inaamuru kundi lisimame, na ndoo inanyamaza.

Ndio sisi. Skauti ishirini na wawili, skafu zetu zimekatwa kwenye mapazia ya mitumba, bendera yetu imefungwa kwenye mwanzi uliosimikwa ndani ya kopo la rangi lililojazwa zege. Anayetucheka acheke. Kariakoo kila hatua ya ardhi ina mzigo juu yake, na sisi tulipata uwanja. Aliyetupa ni Mzee Eliakimu, mtu wa Kilimanjaro anayeuza vyombo vya plastiki kwa jumla. Ghala lake halifunguliwi Jumapili, akaturuhusu tutumie ua. Miaka miwili mlinzi alitufungulia lango, mzee mwenyewe yuko kanisani. Hakuwahi kutuona.

Jumapili hiyo alikuja. Tulimwalika awe mgeni rasmi kwa sababu watoto watatu walikuwa wanatoa ahadi ya skauti na kuvishwa skafu. Mmoja wao ni Shadya.

Shadya ana miaka kumi na mitatu. Mkono wake wa kulia ulivunjika akiwa mdogo, ukaunga vibaya. Umejikunja kifuani na vidole havifunguki, hivyo kila kitu anafanya kwa kushoto. Mama yake, Maimuna, anauza viatu vya mitumba Mchikichini, na nimesikia kwa masikio yangu wateja wakikataa kupokea kiatu kutoka kwa yule mtoto. Nipe kwa mkono wa heshima, wanamwambia. Mwisho mama akamhamishia nyuma ya meza, akawa kazi yake kusugua soli.

Mwaka jana alituona pale sokoni tukisalimiana. Skauti hushikana mkono wa kushoto, popote walipo. Aliacha brashi, akanifuata mimi, akaniuliza kama tunatania. Nikamwambia hatutanii, kwetu huo ndio mkono wa heshima. Akanyoosha wake. Nilipoupokea, akaniomba nirudie.

Tangu hapo hakukosa Jumapili hata moja. Alijifunza mafundo yote kwa mkono mmoja na meno. Kwa hiyo tulipopanga nani ampokee mgeni, hakukuwa na ubishi.

Mzee Eliakimu aliingia na suti ya kanisani, nyuma yake marafiki wawili wa biashara. Shadya alipiga hatua tatu mbele, akasimama wima.

"Shikamoo, babu," akasema, akanyoosha mkono.

Mzee alikuwa ameshaanza kuutoa wa kulia. Alipouona uliokuja, wake akaurudisha mfukoni, na marahaba hakuitikia. Rafiki yake mmoja akacheka kwa pua.

"Hiyo shikamoo ya msalani," akasema.

Shadya hakuushusha mkono. Aliuacha hewani, mbele ya wenzake wote.

Nilimweleza mzee desturi yetu, tena kwa adabu. Alinisikiliza, si mtu mkorofi. Akasema kwao hata mjukuu wa miaka miwili anafundishwa mkono wa kumpa mtu, na kama huyu mtoto ana mkono mbovu, asalimie kwa mdomo, inatosha. Ila ndani ya ua wake hataki kuona tena watu wakipeana kushoto. Mtoto aombe radhi, shughuli iendelee. Madamu Severa akanivuta pembeni, akanisihi tukubali, maana uwanja mwingine tutaupata wapi? Mama Maimuna naye alimnong'oneza mwanawe aombe tu radhi, yaishe.

Na yangeisha. Lakini mimi Khalfani, msaidizi wa Madamu, nina mdomo, na mdomo wangu una beti. Sikufundishwa na mtu. Mizani nilijifunza kwa kuhesabu vidole nikiwa nimekaa juu ya magunia sokoni. Nikamkazia mzee macho:

*Kushoto uliko moyo, ndiko tunakosalimu,*
*Aukwepaye kwa choyo, mwingine hatukirimu.*

Watoto wakapiga makofi. Mzee hakupiga. Neno choyo lilimchoma, na lilikuwa na haki ya kumchoma mtu aliyetupa uwanja bure miaka miwili. Hapo nilikosea, nakiri. Mengine sikiri.

"Kunjeni bendera yenu," alisema. "Mlango mnaujua."

Macho yote yakamgeukia Shadya. Ilibaki njia moja: yeye aseme samahani, labda mzee angelegea, na skafu angevaa siku hiyo hiyo. Alimtazama Madamu, akamtazama mama yake.

"Nimemkosea nini?" akauliza.

 

Basi akaenda kwenye bendera, akaushika mwanzi kwa ule ule wa kushoto, akaanza kuvuta. Kopo la zege likakwaruza sakafu kwa kelele ya kutia meno ganzi, hatua kwa hatua, mpaka langoni. Nilikimbilia kumsaidia. Alinitazama mara moja tu, nikarudisha mikono yangu. Tukatoka nyuma yake, wote ishirini na mmoja, na ndoo tukaiacha, maana ilikuwa ya mzee.

Nje tulimkuta Shaibu, msukuma mkokoteni, amejilaza juu ya chombo chake. Mwezi wa tatu alikatwa na bati mguuni, na watoto hawa ndio waliomfunga damu isitoke. Akauliza kulikoni. Nilipomaliza kumweleza, alipiga mluzi. Wenzake wakaleta mikokoteni, wakaiegesha mitatu huku na mitatu kule, katikati ukabaki mraba wa lami.

"Uwanja huo," Shaibu akasema. "Huu hauna mwenyewe."

Kenta moja, lori dogo lililobeba mabalo ya mitumba, ikafika, ikapiga honi. Shaibu akaisogelea bila haraka.

"Tulia, bosi, kuna kiapo hapa. Ukipiga tena tunakuapisha na wewe."

Dereva akazima injini, akashuka kutazama. Wasukuma mikokoteni wakaanza kugonga mbao za mikokoteni yao: du-du, dum. Walikuwa wanatusikia kila Jumapili, kumbe mdundo wameshaujua.

Shadya alikuwa wa mwisho. Aliinua vidole vitatu vya mkono wa kushoto, akatoa ahadi yake yote, ya Mungu na nchi na kusaidia watu, bila kukwama hata neno moja. Madamu Severa, ambaye dakika chache nyuma alinisihi tukubali, alimvisha skafu akampa mkono wa kushoto. Kisha Mama Maimuna akapita katikati ya mikokoteni, akabadilisha mkoba bega, akautoa wa kushoto na yeye. Nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kumpa mwanawe mkono ule.

Muda wote huo Mzee Eliakimu alikuwa amesimama langoni. Hakufunga, wala hakusogea. Shadya alimwona. Akavuka mtaa na skafu yake mpya, watu wakampisha, akasimama mbele ya mzee pale pale kwenye alama ya kopo letu, akanyoosha mkono.

Mikono ya mzee ilibaki mifukoni.

"Babu," Shadya akasema, na mtaa mzima ukasikia, "asante kwa uwanja wa miaka miwili. Nakuahidi, kila Jumamosi ghala likiwa wazi nitakuja kukuamkia hapa hapa mlangoni. Na nitakupa huu huu, mpaka siku utakayoupokea."