Jaza, Tuma, Nyekundu

Chumba cha kompyuta kilikuwa nyuma ya maktaba ya umma, pale palipokuwa stoo ya viti vibovu. Aliyekigeuza darasa ni mwanamke mmoja mfupi, mbishi kweli kweli, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Kipanya kwa sababu ya kile kidude cha kusukuma mezani. Kila mtu mzima aliyekishika kwa mara ya kwanza aliambiwa naye asikiogope, hakina meno. Alikuwa amezeekea katika kazi hiyo. Alibembeleza wenye ofisi mpaka wakampa kompyuta kuukuu, akapanda ngazi akavuta nyaya mwenyewe, akagombana na kila mkubwa aliyedai mtandao si kitu cha watu wa kawaida. Kumtamkia neno hilo ilikuwa kujitafutia matusi.

Wanafunzi wake walikuwa mafundi, wastaafu, washonaji, wauza mboga. Waliingia wakiogopa kugusa chochote, na baada ya muda walikuwa wakitumiana picha ambazo hakuna aliyeziomba. Lakini somo alilolipenda kuliko yote lilikuwa la kuomba nafasi ya matibabu katika hospitali kubwa. Hospitali haikuwa na ukurasa wa mazoezi, kwa hiyo walijifunzia kwenye ukurasa wenyewe, ule ule wa wagonjwa. Ili wasizibe nafasi za watu wenye shida ya kweli, aliwafundisha kila zoezi limalizike kwa kubonyeza kitufe chekundu kilichoondoa ombi lote.

Sababu hiyo aliieleza vizuri kwa madarasa ya mwanzo. Baadaye watu walifurika mpaka wengine wakasimama mlangoni, na maelezo yakapungua. Kilichobaki ni kibwagizo. Yeye aligonga meza kwa rula na kusema, "Jaza!" Wao wakaitika, "Tuma!" Halafu wote kwa pamoja, wazee na ndevu zao, kama watoto wa chekechea: "Nyekundu!" Maandishi ya kwenye kitufe chenyewe yalikuwa madogo sana, na macho ya wengi darasani yalikuwa yamechoka. Hakuna aliyehangaika kuyasoma, maana mwalimu alikuwepo.

Siku wakubwa wa hospitali walipoitisha mkutano kuuliza kama watu wa mtaa wanaweza kuachana na dirisha la kujiandikisha, Mama Kipanya ndiye aliyesimama akajipiga kifua. "Watu wangu wanaweza," alisema. Dirisha likafungwa. Picha yake ikabandikwa kwenye ubao wa matangazo wa maktaba, naye alivimba kichwa kidogo. Tusimnyime haki yake, alikuwa ameitolea jasho.

Shangazi yake, dada wa marehemu baba yake, ndiye aliyemlea tangu akiwa mdogo. Alikuwa pia mwanafunzi wake, anayekaa kiti cha mbele na kuwanyamazisha wenzake. Mwaka ule akaota uvimbe shingoni. Daktari hakuficha neno: ukitolewa mwezi huu unatoka mzima, ukiachwa utasambaa, na ukisambaa yeye haahidi kitu.

"Ombeni nafasi ya upasuaji leo leo," alisema.

Walipofika nyumbani Mama Kipanya akanyoosha mkono achukue simu. Shangazi akaificha kifuani.

"Wee, acha! Mimi si mwanafunzi wako?"

"Shangazi, hili si jambo la mchezo."

"Ndiyo maana nitalifanya mimi. Nimekaa darasani kwako mgongo ukiniuma, halafu jambo lenyewe likifika unifanyie wewe? Watu watasema umefundisha nini? Nenda kazini kwako, mwanangu."

Akaenda, tena akitabasamu njia nzima. Mchana Shangazi akampigia, akamsomea ujumbe kwa sauti ya mtu anayesoma taarifa ya habari: ombi lako limepokelewa, na tarehe ikatajwa. Mama Kipanya akalitangazia darasa. Darasa likapiga makofi.

Tarehe ilipofika walienda na begi lililopangwa vizuri, shuka safi na kandambili mpya. Palipokuwa na dirisha palikuwa na ukuta uliopakwa rangi. Pembeni alikaa karani mmoja kijana mbele ya kompyuta. Akatafuta jina, akatafuta tena.

"Halipo, mama."

"Halipo vipi? Ujumbe huu hapa!"

"Ombi lilikuwepo. Sasa halipo. Mimi naona hivyo tu."

"Nani kaliondoa?"

"Hilo mtambo hauniambii, mama yangu."

Mama Kipanya alimtukana yule kijana wa watu mpaka walinzi wakaja. Nafasi nyingine waliyopewa ilikuwa ya miezi ya mbele, na walipoifikia hatimaye, daktari aliupapasa uvimbe, akapapasa chini ya kwapa, akavua miwani. Kisu hakikuwa na kazi tena. Akaandika dawa za maumivu.

"Tungempata siku ile ya kwanza..." alianza, kisha akawakabidhi karatasi ya dawa.

Mama Kipanya aliwaka. Aliwaambia wote aliokutana nao kwamba nafasi ya shangazi yake imeuzwa kwa mkubwa fulani. Mtaa ulimwamini, yeye si mtu wa kuropoka. Akaomba kuonana na wakubwa wa hospitali, wakamkubalia. Jioni moja kabla ya kwenda, aliketi ukingoni mwa kitanda cha mgonjwa.

"Shangazi, nionyeshe ulivyofanya siku ile, hatua kwa hatua. Sitaki kuumbuka mbele yao."

Shangazi alikuwa amebaki mifupa, na sauti ilitoka kwa shida, lakini kwa kazi hiyo alijikongoja akakaa. Akaishika simu yake. Kidole kilikwenda bila kusita. Jina, umri, maradhi. "Nikajaza," alisema. Akabonyeza. "Nikatuma. Hapo ndipo ujumbe ukaja, nikakupigia." Kisha akashusha kidole mpaka chini kabisa ya kioo na kubonyeza kitufe chekundu. Ukurasa ukarudi mwanzo, mweupe, na juu yake maneno, Asante kwa kutumia huduma yetu.

"Nyekundu," alisema Shangazi, akainua macho kusubiri maksi zake.

Mama Kipanya alinyoosha mkono. Akaichukua simu kana kwamba anataka kuizima, akatafuta kwenye ujumbe wa zamani. Ulikuwepo, umelala katikati ya matangazo ya bahati nasibu, haujafunguliwa: ombi lako limeondolewa.

"Nimekosea mahali?" Shangazi aliuliza.

"Hapana. Umefanya vilevile nilivyokufundisha."

"Basi wezi ni wao. Kesho usiwaonee haya."

Hakwenda kwa wakubwa. Usingizi haukumjia, na alichokiwaza mpaka asubuhi si kizuri kukisimulia: kwamba akinyamaza, Shangazi atakufa akijua ameonewa, na yeye Mama Kipanya atabaki kuwa Mama Kipanya. Shangazi hakuwa na siku nyingi. Nani angeumia?

Jibu lilikuwa limekaa darasani likimsubiri. Aliposimama mbele yao aliuliza, kwa sauti aliyojitahidi iwe ya kawaida, nani kati yao ameomba nafasi ya hospitali kweli kweli, akiwa nyumbani, bila msaada. Mikono ikanyooka. Fundi seremala aliinuka kabisa.

"Mimi nimemwombea mke wangu, Mwalimu. Atapasuliwa wakati wa kujifungua, mtoto amekaa vibaya. Sikumwita mtu!"

"Ukafanyaje?"

Fundi akawageukia wenzake kwa furaha, akapunga mkono kama kiongozi wa kwaya, nao wakamsaidia wote kwa sauti moja. Jaza. Tuma. Nyekundu.

Rula ikamtoka mkononi.

Angeweza kusema mtambo umeharibika, waombe upya, basi. Maneno hayo yalimfika mdomoni. Lakini wangeomba upya vilevile, na kumaliza vilevile. Ikabidi aseme. Alisema kitufe kile kinafanya nini, na kwa nini alikiweka kwenye somo, na kwamba kosa si lao hata kidogo, ni lake. Fundi alikuwa ameshatoka mbio, simu sikioni, akiliita jina la mkewe. Wengine wakaanza kufungua kurasa, wengine wakalia.

Mshonaji, jirani yao wa ukuta kwa ukuta, alibaki amesimama, mikono kichwani.

"Kumbe Shangazi..." alisema.

Mama Kipanya aliwasaidia kuomba upya, mmoja mmoja, mpaka wa mwisho. Mke wa fundi alipata. Mzee mmoja wa figo hakupata. Kisha akatembea kwenda nyumbani haraka kadiri miguu ilivyomruhusu, maana habari ya namna hiyo haistahili kuletwa na jirani.

Alipiga magoti kando ya kitanda akasema yote, bila kuruka. Shangazi alisikiliza akitazama dari. Mwisho akautoa mkono chini ya shuka, akakitazama kidole chake cha shahada muda mrefu.

"Jana nilikuuliza," alisema. "Nilikuuliza kama nimekosea."

"Ndiyo, Shangazi."

"Ukaniacha nilale na watu wa hospitali moyoni. Nimewalaani usiku kucha, yule kijana na mama yake aliyemzaa."

Mama Kipanya alilia. Alitaka kuushika ule mkono, Shangazi akaurudisha ndani ya shuka.

"Nenda kawafundishe wenzangu. Wasije wakafanya kama mimi. Nitakuita."

Mama Kipanya akasogeza kiti chake nje ya mlango wa chumba, akakaa hapo jioni hiyo, na jioni zote zilizofuata akitoka darasani, akikesha hapo hapo. Mshonaji ndiye aliyeingia na uji, ndiye aliyeingia na dawa. Kupitia mlango alisikia kikohozi, alisikia maji yakimiminwa, na mara moja alisikia Shangazi akicheka na mshonaji, kicheko kidogo. Simu aliiweka mapajani, sauti imefunguliwa mpaka mwisho. Shangazi alijua kupiga, alifundishwa, na ile ya kwake ilikuwa kando ya mto wa kulalia siku zote, chaji imejaa, mpaka asubuhi moja mshonaji alipotoka chumbani akifuta machozi, akiufunga mlango polepole nyuma yake. Shangazi alikuwa amefariki bila kumwita.