Futi Sitini na Mbili

Corbin Haskett aliamua kuwa mtu wa ukweli akiwa na miaka hamsini na nane, mwaka ambao simu yake iliacha kulia.

Kabla ya hapo alikuwa staa. Aliigiza polisi mwenye hasira kwa miaka kumi na moja kwenye televisheni, na polisi mwenye huzuni katika filamu sita. Tofauti ya polisi hao wawili ilikuwa masharubu. Masharubu yalipoingia mvi akawa mwongozaji. Filamu yake ya kwanza ilihusu farasi anayeota ndoto. Nilikuwa mtu wa kurekodi sauti kwenye ile, na pale kazini farasi peke yake ndiye aliyekuwa anajua anachofanya. Ya pili ilionyeshwa siku nne huko Burbank, ikaondolewa ili ukumbi upakwe rangi.

Ndipo akagundua filamu za kweli, zile zisizo na waigizaji. Akatengeneza moja kuhusu nyuki. Nyuki walionekana dakika tisa, yeye dakika sitini. Akatengeneza nyingine kuhusu watu wanaolala barabarani katikati ya Los Angeles, naye akalala nao usiku mmoja juu ya godoro la hewa. Alfajiri alikuja mtu wa vipodozi kumpaka uchafu, kwa sababu uchafu wenyewe wa pale haukutoka vizuri kwenye kamera.

Matamasha hayakuzitaka filamu hizo. Kwa miaka minne mfululizo hakualikwa popote isipokuwa kukata utepe wa duka la magodoro.

Ya tatu ilihusu wale watu wanaoanguka badala ya mastaa. Wanaorushwa kutoka madirishani, wanaochomwa moto, wanaogongwa na magari, halafu staa anakuja anajipangusa vumbi ambalo halikumgusa. Wazo zuri, lazima niseme. Marcy Ostrowski, mtayarishaji mwenzake, ndiye aliyelileta, na Corbin alilichukua siku hiyohiyo likawa lake tangu utotoni.

Shida ilikuwa moja, na Hollywood nzima ya watu wa rika langu iliijua. Corbin alipata jina kwa kuanguka. Mwaka wa themanini na moja, katika filamu yake ya kwanza kubwa, polisi wake anaruka kutoka juu ya mnara wa nafaka. Alikwenda kwenye vipindi vyote vya televisheni akasema aliruka mwenyewe. Mwanzo ulikuwa mnara wa futi sitini. Alipooa mke wa pili ukawa wa futi sabini na tano. Nilipoanza kazi naye ulikuwa umefika tisini, na alikuwa amevunjika mifupa minne.

Aliyeruka aliitwa Virgil Pruitt.

Tulimkuta huko Littlerock, upande wa pili wa milima ambako ni jangwa na mabanda ya kuuza pichi, katika nyumba ndogo ya bati yenye feni moja. Alikuwa na miaka sabini na minane, anatembea na fimbo kama mtu anayepanda ngazi mahali pasipo na ngazi. Nilimfunga kipaza sauti kwenye kola ya shati. Wengine walikuwa nje wanakula burito na kumtafutia Corbin maziwa ya shayiri ya kutia kwenye kahawa, kitu ambacho Littlerock haijawahi kukisikia.

"Atanipa nafasi ya kuusema ule mnara?" aliniuliza.

"Sijui, mzee. Alikuahidi?"

"Yule mama, Marcy, aliniahidi. Corbin mwenyewe aliniambia 'tutaona tunakoelekea'." Akacheka bila furaha. "Sikiliza. Mimi sitaki sifa. Nina mjukuu, Shelby, nesi pale Palmdale. Krismasi moja nilimsimulia ule mwanguko mbele ya watu, akaniambia, 'Babu, acha uongo, yule bwana nimemwona kwenye televisheni akieleza.' Meza nzima ikacheka. Tangu hapo hata nikisema kuna mvua, wanachungulia dirishani kwanza."

"Mbona hukusema zamani?"

"Zamani ukisema, huitwi tena kazini. Staa ndiye kaanguka, basi. Ndiyo ilivyokuwa." Akakigusa kipaza sauti kwenye kola. "Bado mnarekodi kimya mwishoni?"

"Bado."

"Dakika nzima?"

"Nzima."

"Vizuri," akasema, akaanza kuzungumza juu ya pichi.

Kabla ya kuanza nilizima friji yake, maana ilikuwa inanguruma kama trekta, nikaweka funguo za gari letu ndani, juu ya katoni ya mayai. Watu wa sauti wote tunafanya hivyo. Ukisahau kuiwasha friji ya mwenyewe, huwezi kuondoka bila funguo, na ukienda kuzichukua unakumbuka. Bila hivyo tungekuwa tumeozesha nyama ya nusu ya California.

Corbin aliingia na kamera mbili. Ndogo ilimtazama Virgil. Ile kubwa, yenye taa nzuri, ilimtazama Corbin akimsikiliza Virgil. Aliiita kamera ya msikilizaji.

"Virgil, rafiki yangu," alisema kwa ile sauti ya polisi mwenye huzuni, "nieleze maumivu."

"Ya wapi?"

"Ya ndani."

"Ya ndani ni nyonga. Niliivunja mwaka wa themanini na moja kwenye mnara wa..."

"Kata! Hapo tutarudi. Nieleze ule moto."

Mzee akaeleza moto. Akaeleza farasi watatu na basi moja. Kila alipoukaribia mnara, Corbin alikuwa na kiu, au jua limehama, au amepata wazo. Mara ya tano Marcy akamvuta pembeni, lakini kipaza sauti chake Corbin nilikuwa nakisikia masikioni.

"Corbin, mpenzi, mwache aseme. Hiyo ndiyo filamu."

"Filamu ni watu wote walioanguka, Marcy. Siyo mtu mmoja mwenye kinyongo."

"Watu wote walioanguka ndio yeye! Wengine wamekufa!"

"Basi tuwape heshima waliokufa."

Akarudi kitini, akageuza kiti kuielekea ile kamera kubwa, na pale, sebuleni kwa Virgil Pruitt, huku Virgil akiwa amekaa umbali wa mkono mmoja, akasimulia alivyoruka mwenyewe. Futi tisini. Upepo. Mama yake aliyemwona angani. Chozi likamtoka jicho la kushoto, lile lililo upande wa taa.

"Ndiyo maana nakuelewa, Virgil," akamaliza. "Mimi ni mmoja wenu. Kata. Tumemaliza, asanteni wote."

Virgil aligeuza kichwa. Alinitazama mimi.

"Kimya cha chumba," nikasema.

Hili nilieleze. Kila chumba kina kimya chake, na mhariri anakihitaji azibe nacho nafasi katikati ya maneno. Kwa hiyo mwishoni mtu wa sauti anasema neno hilo, ananyanyua mkono, na kwa dakika moja hakuna anayetikisika. Wabeba nyaya, mastaa, wote wanasimama kama wanafunzi walioitwa ofisini. Ni muda pekee katika kazi ile ambao mimi ndiye bosi. Corbin alifundishwa hivyo akiwa na miaka ishirini na mtu wa sauti aliyemrushia kiatu, na somo lile lilimwingia hadi kwenye uti wa mgongo. Kamera huwa haziendi wakati huo. Ile ya msikilizaji ilikuwa inakwenda bado, kwa sababu kijana wa kamera alikatazwa asiizime kamwe kabla Corbin hajatoka chumbani.

Nikanyanyua mkono. Zikapita sekunde kumi. Virgil akaanza kusema, polepole, akitazama ukuta.

"Ulikuwa mnara wa futi sitini na mbili. Niliupima mwenyewe kwa kamba. Chini tulipanga maboksi matupu, matatu kwenda juu. Upepo uliingia saa kumi jioni, nikawaambia tungoje, wakasema jua linapotea. Corbin alikuwa kwenye gari lake anakula kuku. Nilivaa koti lake. Lilikuwa linabana kwapani."

Kazi yangu ilikuwa kushusha mkono na kusema tuanze upya, maana mtu akizungumza kimya kimeharibika. Niliuacha juu.

Corbin alifungua mdomo. Akanitazama, akautazama mkono, akaufunga. Mguu wake ulitaka kusogea ukashindwa. Jamaa ameigiza hofu, hasira, mapenzi na kifo mara saba, na uso wake sikuwahi kuuona ukifanya kazi kama siku ile. Ulikwenda mwekundu, ukaja mweupe. Halafu ukawa uso tu, wa kijana wa miaka ishirini na tisa mwenye mfupa wa kuku mkononi.

"Upepo ulinisukuma," Virgil akaendelea, "nikagonga ukingo. Nyonga na pingili mbili za mgongo. Nililala hospitali miezi minne. Alikuja mara moja, akaniletea maua, akaniambia, 'Virgil, nimeshawaambia wale wa televisheni kwamba ni mimi, sasa nifanyeje?' Nikamwambia, sema ni wewe, kijana, mimi nitapona. Nilifikiri ni kwa wiki moja."

Akanyamaza. Feni ilikuwa imezimwa, kwa hiyo kilichofuata kilikuwa kimya cha kweli, nikakirekodi vizuri, sekunde sitini kamili. Halafu nikashusha mkono.

"Futa hiyo!" Corbin akapiga kelele. "Futa! Marcy, tunaondoka! Funguo ziko wapi?"

"Kwenye friji," nikasema.

Alifungua friji ya mzee kwa hasira, mayai mawili yakaanguka. Virgil akamwambia, "Pole, kijana. Hiyo ni chini ya futi nne."

Kufuta hatukufuta. Marcy alisema filamu ni mali yao wote wawili, na hakuna kinachofutwa mpaka mwongozaji akione kwenye chumba cha kuhariri, na kweli mkataba ulisema hivyo. Baada ya wiki tatu niliitwa Burbank kusaidia sauti. Mhariri alikuwa Denise Okimoto, mwanamke asiyecheka kazini. Corbin aliketi nyuma yetu na kahawa yake.

"Onyesha, nione, halafu ikatwe," alisema.

Denise akaonyesha. Uso wa Corbin ukajaa skrini. Ilipoisha, aliweka kahawa yake chini.

"Rudisha," akasema.

Tukarudisha mara nne. Mara ya nne alikuwa amesimama.

"Mnaona lile jicho? Mnaona ninavyo... mimi sifanyi kitu pale! Sifanyi kitu kabisa! Miaka arobaini walimu wa uigizaji wananiambia usifanye kitu!"

"Ni kazi nzuri sana, Corbin," alisema Denise, bila kugeuka.

"Hii inabaki. Toa sauti ya mzee."

Nikaitoa. Bila sauti alionekana kama mtu aliyeshikwa na tumbo kanisani.

"Weka muziki."

Denise akaweka fidla. Sasa alikuwa mtu wa tangazo la dawa, yule wa kabla ya kumeza.

"Weka ile sauti yangu ya mama angani."

Tukaweka. Hapo hata yeye aliangalia pembeni.

Alikaa chini. Kahawa ilipoa. Nimewahi kuwaona watu wakichagua kati ya ukweli na uongo, na huwa inachukua muda. Yeye alikuwa anachagua kati ya uongo wake wa zamani na sura yake nzuri kuliko zote, na hiyo ilichukua muda zaidi. Marcy alikuwa mlangoni, amekunja mikono, hapumui.

"Mrudishe mzee," Corbin akasema mwishowe, kwa sauti ndogo. "Yote. Hata kuku."

Basi tukaalikwa. Tamasha la milimani, Colorado, theluji mpaka magotini na watu waliovaa kofia za bei mbaya kuonyesha kwamba hawajali. Virgil aliketi safu ya tatu na Shelby, aliyepanda ndege mara alipotoka zamu, bado katika viatu vyake vya kazi. Ilipofika dakika ile, ukumbi wote uliganda, kana kwamba mkono wangu ulikuwa juu tena. Mwishoni walisimama wakapiga makofi. Walikuwa wanampigia Corbin.

Alipanda jukwaani na machozi, jicho la kushoto. Akasema ulikuwa uamuzi mgumu kuliko yote maishani, kujivua nguo mbele ya dunia. Akasema aliipanga dakika ile miezi mingi, kwamba alitaka kimya kimhukumu. Mwanamke mmoja akasema hajawahi kuona ujasiri kama ule. Corbin akainamisha kichwa kumkubalia.

Kisha mtu wa nyuma akamuuliza Virgil, kwa nini alisubiri mpaka kimya cha chumba ndipo aseme. Kipaza sauti kikapelekwa safu ya tatu.

"Nilisubiri miaka thelathini na minane anyamaze," alisema Virgil. "Ikapatikana dakika moja, nikaitumia."

Watu walicheka sana. Corbin alicheka kuliko wote, na alikuwa hatazami upande ule.

Nilikuwa nimesimama ukutani karibu nao. Shelby alimwinamia babu yake.

"Sitini na mbili, babu?"

"Na nusu. Nusu ile siisemagi, wataniona najisifu."

"Krismasi ile nilikuwa mjinga."

"Ulikuwa mtoto."

"Nilikuwa na miaka kumi na tisa!"

"Basi ulikuwa mjinga," Virgil akasema, akamshika mkono ili ainuke. "Twende tukale. Na mezani nitasimulia tena, na wewe ndiye utakayewaambia wengine wanyamaze."

Corbin alipata tuzo. Sasa anatengeneza filamu kuhusu uaminifu, ameniita nishike sauti, na nitakwenda, maana nina kodi ya kulipa. Juzi nilimsikia redioni akisimulia, kwa ile sauti ya huzuni, habari za rafiki yake mpenzi Virgil Pruitt na ule mwanguko wa futi mia na ishirini.

Simu yangu ililia kabla kipindi hakijaisha.

"Uko naye karibu?" Virgil akauliza.

"Kesho tuna kazi."

"Basi mwambie ni sitini na mbili. Na nyanyua mkono kwanza."